Paka wa kizungu mtandaoni: Tapeli hauzi paka, anauza safari

Ukitaka paka wa kawaida hapa Maseno, huhitaji hata bando. Uliza mama mboga wa Nyawita, ama yule anayepika chapati karibu na geti la chuo. Utaambiwa ngoja wiki mbili, wa kwangu amezaa watano. Utabeba wako kwa boksi la kartoni, bure, na utaongezewa ushauri wa kumzoesha nyumba.

Mambo hubadilika ukitaka Persian. Au British Shorthair mwenye mashavu kama ya mzee wa kanisa, au Maine Coon mrefu kama mtoto wa mbuzi. Hao huwapati Luanda siku ya soko, na ukishuka Kisumu uwaulizie Kibuye, watu watakuangalia mara mbili. Kwa hivyo unafungua simu. Na huko kwa simu wapo tele: weupe, wa kijivu, wenye macho ya samawati, bei nusu ya ile uliyosikia Nairobi. Mwishoni mwa tangazo kuna maneno matamu: "Tunaleta popote Kenya."

Hoja yangu leo ni fupi. Wengi wetu hudhani ulaghai huu uko kwenye picha, ndiyo maana tunafundishana kukagua picha. Picha ni chambo tu. Biashara yenyewe iko kwa hilo neno "tunaleta". Tapeli anakuuzia safari ya paka ambaye hayupo, na safari hiyo ina vituo vingi, kila kituo na ada yake. Ukishaelewa hivyo, unajua pa kumkatia njia.

Safari yenye vituo vingi

Chukua mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Maseno. Ni mfano tu, lakini mtindo wake ndio uleule unaotumika kutoka Marekani hadi hapa kwetu. Pesa za HELB zimeingia. Ameona tangazo: mtoto wa Persian, wiki kumi, amechanjwa, Sh12,000. Mwenye paka yuko Nairobi, anahamia Canada, na anataka tu paka wake apate mtu mwenye roho safi.

Siku ya kwanza anaombwa amana ya Sh3,000, "ndio nisimpe mtu mwingine, kuna dada wa Nakuru anamtaka leo". Anatuma. Siku ya pili anaambiwa paka yuko tayari, malizia zile Sh9,000 nimpeleke stendi. Anatuma.

Hapo nambari ngeni inapiga. Ni "kampuni ya usafirishaji". Anayeongea ana adabu, anamwita madam. Anasema paka hasafiri kwa boksi la kawaida, lazima kreti maalum, Sh4,500, na pesa hiyo itarudishwa akimpokea mnyama wake. Anatuma. Jioni anaambiwa paka amefika Nakuru lakini wakaguzi wamemzuia kwa kukosa bima: Sh3,800, nayo inarudishwa. Anatuma. Asubuhi inakuja ya mwisho, ambayo kwa kweli si ya mwisho: cheti cha kichaa cha mbwa kinahitajika, paka amelala ofisini bila kula, na mwenye paka asipolipa atashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama.

Piga hesabu. Ametuma Sh20,300 kwa paka wa Sh12,000, na huyo paka bado yuko Nakuru, kama kweli yuko mahali popote.

Ukisimuliwa ukiwa nje, unacheka. Unasema mimi siwezi. Lakini angalia jinsi ngazi ilivyojengwa. Kila ada inayofuata ni ndogo kuliko jumla aliyokwisha kutoa, kwa hivyo kuacha kunaonekana hasara kubwa kuliko kuendelea. Halafu kuna neno "inarudishwa", linalofanya ada isikae kama gharama bali kama pesa iliyowekwa mahali. Na juu ya yote kuna mnyama mwenye njaa. Simu ukiiagiza ikakwama njiani, haililii mtu. Mtoto wa paka anayesemekana amefungiwa ofisini bila maziwa anamliza hata mwanamume mzima. Ndiyo maana matapeli hawa wamechagua wanyama: huruma ya mnunuzi ndiyo mtaji wao.

Kwa mwanafunzi, hesabu haiishii hapo. Pesa ya HELB ikiisha, kuna Fuliza. Watu wamezoea kuichukua kwa unga na kwa nauli, na ukishaingiwa na hofu unaichukua hata kwa kreti. Mwisho wa muhula unajikuta na deni la paka hujawahi kumgusa, kodi ya nyumba haijalipwa, na mwenye nyumba hana habari za Persian.

Ulaghai wenye pasipoti

Mchezo huu haukuzaliwa hapa. Mwezi Desemba 2020, waendesha mashtaka wa Marekani katika jimbo la Pennsylvania walimfungulia mashtaka raia wa Cameroon aliyekuwa akiishi Romania, wakisema yeye na wenzake waliuza watoto wa mbwa na wanyama wengine ambao hawakufika. Kulingana na mashtaka hayo, mnunuzi akishalipa, kampuni hewa ya usafirishaji iliingia na kudai malipo zaidi: kreti maalum inayorudishiwa pesa, bima, na kwa sababu ulikuwa mwaka wa korona, ada za korona pia. Unaona? Vituo vilevile vya mfano wetu, ila kwa dola.

Aprili 2022, kampuni ya Google nayo ilienda mahakamani California kumshtaki mtu mmoja wa Cameroon, ikisema alitumia huduma zake kuendesha tovuti za kuuza watoto wa mbwa wasiokuwepo. Kampuni kubwa kama hiyo haiendi kortini kwa jambo dogo. Ilikwenda kwa sababu tovuti moja ikifungwa, nyingine inafunguliwa, picha zilezile, simulizi ileile.

Uingereza, kituo cha kuripoti ulaghai kilichoitwa wakati huo Action Fraud kilisema waliotafuta wanyama wa kufuga walipoteza zaidi ya pauni milioni 2.6 katika mwaka wa fedha wa 2020/21. Huo ndio wakati watu walifungiwa nyumbani, wapweke, na hawakuweza kwenda kumwona mnyama kabla ya kulipa. Usafiri ukifungwa, tapeli anapata kisingizio kizuri cha "huwezi kuja, nitakuletea".

Wakati huohuo England ilikuwa imeanza kutumia sheria inayojulikana kama Lucy's Law, Aprili 2020. Inawakataza wafanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyewazalisha, au unachukua kutoka kituo cha kuokoa wanyama. Sheria ililenga hasa wale wanaozalisha wanyama katika hali mbaya, lakini ilikuja na mazoea mazuri: mnunuzi anaenda mahali mtoto alipozaliwa na kumwona akiwa na mama yake. Sisi tunaweza kuyachukua mazoea hayo hata bila Bunge kupitisha chochote.

Kwa nini sisi wa huku ni windo rahisi

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350. Wauzaji wengi wa paka hawa wako Nairobi na Mombasa. Mtu wa Kilimani akiona tangazo la Lavington, anapanda boda, anaona kwa macho yake, anarudi. Wewe wa Maseno ukisema "nakuja kumwona", unazungumzia siku nzima ya barabara na nauli ya kwenda na kurudi. Tapeli anajua hivyo. Hata kabla hujauliza, atakuambia usijisumbue mwenzangu, barabara ni ndefu. Umbali ambao kwako ni usumbufu, kwake ni ukuta wa kujificha.

Jambo la pili ni M-Pesa. Tangu ianze Machi 2007 imetuzoesha kutuma pesa kama unavyosalimia mtu. Wenzetu wa Marekani waliibiwa kwa kadi za zawadi na uhamisho wa benki, vitu vinavyochukua muda na kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Hapa ni PIN na sekunde chache. Kabla hujabonyeza, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, na wengi hulisoma jina hilo kama uthibitisho: "jina limetoka, basi ni mtu wa kweli." Jina linaonyesha tu laini imesajiliwa kwa nani. Halionyeshi nani ameishika, wala kama mwenye jina anajua laini hiyo ipo.

Na tusijifanye malaika. Kenya ina shule zake za fani hii. Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, imekuwa ikitajwa na wapelelezi wa DCI kwa miaka kama kitovu cha ulaghai wa laini za simu. Gereza la Kamiti nalo halikosi kutajwa kwenye visa vya simu za "nimetuma pesa kimakosa, nirudishie". Mtu aliyezoea kumtoa mzee pesa kwa hadithi ya mtoto aliyelazwa hospitalini hashindwi kuandika hadithi ya paka aliyekwama Nakuru.

Nasaba ni karatasi, si manyoya

Kuna jambo jingine ambalo linawafaidi hata wauzaji wasio matapeli kamili. Tunamwita paka yeyote mwenye manyoya marefu "Persian", na akiwa wa kijivu tunamwita "Russian Blue". Paka wa nasaba hatambuliwi kwa manyoya. Anatambuliwa kwa ukoo ulioandikwa: mama na baba wanajulikana, babu na bibi wanajulikana, na wote wako kwenye daftari la chama kinachoweka kumbukumbu za uzao.

Vyama hivyo vina majina na historia. Marekani kuna CFA, ilianzishwa 1906, na TICA ya 1979. Uingereza kuna GCCF ya 1910. Ulaya kuna FIFe, iliyoanzishwa 1949. Muuzaji akikuambia paka wake "ana karatasi", uliza karatasi za chama gani, nambari ya usajili ni ipi, na jina la mzalishaji lililoandikwa ni lipi. Kisha wewe mwenyewe uandikie chama hicho barua pepe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao. Ukionyeshwa cheti cha paka chenye jina la East Africa Kennel Club, jua kuna kasoro: hicho ni chama cha mbwa.

Na kama hana karatasi? Hakuna dhambi. Paka mzuri bila karatasi ni paka mzuri. Ila basi bei yake iwe ya paka mwenye manyoya mazuri, isiwe ya nasaba. Hapo ndipo watu wengi wanapigwa bila hata kutapeliwa: paka anafika, yuko hai, ana afya, lakini wamelipa bei ya ukoo ambao hauko popote.

Kichekesho ni kwamba Kenya yenyewe imeupa ulimwengu paka wa nasaba. Anaitwa Sokoke, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ana madoa yanayofanana na gamba la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa eneo la Watamu, aliwaona watoto wa paka wa namna hiyo shambani kwake akaanza kuwafuga. Miaka ya themanini wengine wakapelekwa Denmark, na 1993 FIFe ikawatambua rasmi. Kwa hivyo paka wa msitu wa Wagiriama alipata karatasi kwa sababu watu waliandika nani kazaliwa na nani, kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana ya nasaba. Tena Sokoke waliosajiliwa ni wachache sana duniani, kwa hivyo ukiona tangazo la "Sokoke halisi" kwa bei ya viatu, cheka upite.

Jinsi ya kuvunja safari

Sasa tuje kwa kazi. Kama shida iko kwenye safari, dawa ni kuivunja. Hizi hapa njia, kuanzia iliyo bora.

Nenda mwenyewe. Ndiyo, ni mbali. Lakini nauli ya kwenda Nairobi na kurudi ni ndogo kuliko amana moja ya kupotea, na paka ataishi nawe miaka kumi na zaidi. Mtu anayeweza kutoa elfu kumi na mbili kwa mnyama anaweza kutenga Jumamosi moja.

Kama huwezi, tuma mtu. Kila mtu wa Maseno ana binamu Nairobi. Kama si binamu, ni aliyekuwa rumeti wako anayefanya atachi Westlands. Mpe nauli, aende amwone paka akiwa na mama yake, akupigie video akiwa hapohapo. Tapeli akisikia "ndugu yangu yuko karibu na hapo, atapita saa kumi", utashangaa jinsi anavyopata safari ya ghafla ya kwenda mazishi.

Kuna wauzaji halisi ambao hawataki mgeni nyumbani kwao, na hilo ni haki yao, usalama ni usalama. Basi mkutane kwenye kliniki ya daktari wa mifugo, ambayo wewe umeichagua. Daktari anamwangalia paka, anasoma kadi ya chanjo, na kama kuna chipu chini ya ngozi anaisoma kwa mashine na kulinganisha nambari na karatasi. Madaktari hao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, KVB, kwa sheria ya 2011, kwa hivyo hata daktari mwenyewe unaweza kumhakiki. Muuzaji wa kweli atafurahi, kwa sababu nawe hutamsumbua baadaye ukidai paka alikuja mgonjwa.

Omba video ya moja kwa moja, siyo iliyorekodiwa. Mwambie ashike karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando ya paka, halafu amgeuze paka, amfungue mdomo, aonyeshe tumbo. Picha nazo zipitishe kwenye huduma ya kutafuta picha, uone kama paka huyohuyo anauzwa Texas. Lakini siku hizi picha na video hutengenezwa na akili mnemba, kwa hivyo usiache hatua hii ikukalie badala ya zile za juu. Inasaidia kumkamata tapeli mvivu. Yule mwenye bidii ataipita.

Uliza umri. Wazalishaji wanaofuata kanuni za vyama nilivyotaja huwaachia watoto wakiwa na wiki 12 hadi 13, baada ya kunyonya vya kutosha na kupata chanjo za mwanzo. Anayekusukuma umchukue mtoto wa wiki tano, hata akiwa si tapeli, hajali mnyama.

Amana si haramu. Mzalishaji mwenye orodha ya wanaosubiri anaweza kuomba amana. Ila itoke baada ya wewe au mtu wako kumwona paka, iandikwe, na isemwe wazi ni lini inarudishwa. Salio litolewe paka akiwa mkononi.

Na ukisikia neno "serikali", tulia kabisa. Ni kweli paka anayeletwa Kenya kutoka nchi nyingine anahitaji kibali cha kuingizwa kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, na kibali hicho hushughulikiwa kabla mnyama hajapanda ndege. Hakiombwi paka akiwa tayari "amezuiliwa JKIA". Tena tangu 2023 serikali imekuwa ikikusanya malipo ya huduma zake kupitia eCitizen, Paybill 222222. Afisa wa karantini anayetaka umtumie kwa nambari yake binafsi, au kwa nambari ya "msaidizi wake", ni yule yule wa kreti, amebadilisha sauti tu.

Vivyo hivyo kwa kampuni ya usafiri. Kama kuna ndege, kuna nambari ya mzigo, na nambari hiyo unaiangalia kwenye tovuti ya shirika la ndege, siyo kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Kama ni basi, pigia ofisi yao ya Kisumu, au bora zaidi, tembea hadi hapo uulize kama wanabeba wanyama. Jibu utalipata kwa dakika mbili, na mara nyingi litamaliza hadithi yote.

Ukishapigwa

Tuseme pesa imekwenda. Kitu cha kwanza ni kuacha kutuma. Hakuna ada ya mwisho inayofungua zile za mwanzo, hata wakiapa.

Halafu songa haraka. Huduma ya kurudisha pesa ya Safaricom, ile ya kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, imetengenezwa kwa pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Usiitegemee kwa biashara iliyoharibika, hasa mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala. Lakini piga simu huduma kwa wateja mara moja, eleza ni ulaghai, na uripoti nambari hiyo kwa 333, bila malipo. Usifute mazungumzo hata yakikuudhi. Hifadhi picha za skrini, ujumbe wa M-Pesa, nambari zote, hata sauti walizokutumia.

Kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB. Usikubali kuambiwa "ni paka tu". Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayejipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake inafika miaka mitatu jela. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ni kali zaidi: ulaghai wa kompyuta unaweza kumpa mtu faini hadi Sh20 milioni, au miaka 10 jela, au vyote viwili. DCI nao wana laini ya bure, 0800 722 203.

Hapa naomba tuongee kidogo kama vijana. Oktoba 2025 Rais William Ruto alipotia saini marekebisho ya sheria hiyo ya mtandao, sote tulipiga kelele kuhusu uhuru wa kusema, na tulikuwa na sababu. Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele. Lakini ndani ya marekebisho hayohayo kulikuwa na mambo ya ulaghai, kama kosa la kubadilisha laini ya mtu bila idhini yake, na hayo karibu hatukuyajadili kabisa. Tunaidai serikali isitufunge kwa sababu ya meme. Tuidai pia imshike aliyekula pesa ya HELB ya komredi. Sheria ya kutisha iko. Kinachokosekana ni anayefuatilia kesi ya elfu ishirini.

Na kesi ya elfu ishirini haifuatiliwi kwa sababu hairipotiwi. Mtu aliyeibiwa simu Kondele anasimulia gari zima. Aliyetapeliwa paka ananyamaza, kwa sababu anajua kitakachofuata: kicheko, halafu "kwani paka wa kwetu ana shida gani?" Aibu hiyo ndiyo mlinzi wa tapeli. Anachukua kidogo kwa wengi, kila mmoja anameza peke yake, na kwenye vitabu vya polisi inaonekana hakuna kilichotokea. Rafiki yako akikuambia amepigwa, mshike mkono mwende kituoni kwanza. Utacheka baadaye, naye atacheka.

Kuhusu swali la paka wa kwetu, jibu langu ni kwamba hana shida yoyote. Anakamata panya, hachagui chakula, na KSPCA kule Nairobi wana paka na mbwa wanaotafuta watu wa kuwachukua. Lakini anayetaka Persian ana haki ya kumtaka Persian, kama vile mwingine anavyotaka viatu vya bei. Kupenda kitu kizuri si ujinga, na hakumpi mtu ruhusa ya kukuibia.

Waswahili walionya zamani dhidi ya kununua mbuzi kwenye gunia. Wao angalau walioneshwa gunia. Wewe unaoneshwa picha ya gunia, unaambiwa liko njiani, na unalipia nauli ya gunia. Kwa hivyo leo ukirudi kwa lile tangazo lenye macho ya samawati, usianze kwa kuuliza bei wala kama amechanjwa. Andika maneno matatu tu: "Naweza kuja Jumamosi?" Mwenye paka atakutumia lokesheni. Asiye na paka atakutumia sababu.